Hotuba juu ya Betri za Magari: Kwa Nini Hupasuka, na Namna ya Kuzitunza bila Madhara

(Iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri.)



Kwa desturi kazi ya karani katika mkutano huu ni kusoma hesabu na kuketi. Lakini katika hesabu za mwaka huu mmeliona fungu moja ambalo halikuwamo katika taarifa za miaka iliyopita, nalo ni fedha za matibabu ya kijana wetu aliyeumizwa na betri ya gari la chama. Halmashauri iliniagiza nilieleze jambo lile, si kwa habari ya fedha tu, bali kwa habari ya chanzo chake, ili lisitupate mara ya pili. Mimi si fundi wa magari. Niliyo nayo ni yale niliyofundishwa shuleni katika somo la sayansi, pamoja na yale niliyoyapata baadaye kwa kuwauliza mafundi na kusoma vitabu. Nikikosea neno, mafundi waliomo humu na wanisahihishe.

Kwanza niwakumbushe yaliyotokea, maana wengi wenu hamkuwako. Tulikuwa tumekwenda kumzika mwanachama mwenzetu nyumbani kwao. Usiku wa matanga taa za gari ziliachwa zikiwaka ili ziwamulikie waombolezaji, na kulipokucha gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekwisha nguvu. Akaja jirani mwema na gari lake. Nyaya mbili zikafungwa betri kwa betri, injini ya jirani ikakanyagwa karibu robo saa, na gari letu likawaka. Watu wakafurahi. Kijana wetu akainama juu ya betri, akakishika kibano cheusi, akakitoa. Hapo ikaruka cheche, kikasikika kishindo kama cha bunduki, betri ikapasuka upande wa juu, na asidi ikamrukia usoni. Wote mwajua yaliyofuata. Jicho lake moja halioni tena.

Siku zile yalisemwa maneno mengi. Wako waliosema kwamba ajali haina kinga. Wako walionong'ona kwamba ni mkono wa mtu, kwa kuwa msiba ule ulikuwa na magomvi ya shamba. Na wako waliomlaumu dereva. Wazee wangu, sikusimama hapa kumbishia mtu mzima. Methali ya ajali ni methali ya kweli, lakini ni kwa mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyajua mapema. Jambo la betri lajulikana. Lina sababu yake, nayo sababu hiyo ni moja hapa na kule Ulaya, kwa mwenye maadui na asiye na maadui. Na kitu chenye sababu ijulikanayo kina kinga.

Basi betri ni kitu gani? Wengi wetu hudhani kwamba ni chombo kilichojazwa umeme, kama mtungi ujazwavyo maji. Sivyo. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, ndiye aliyeibuni betri ya namna hii katika mwaka wa 1859, na asili yake haijabadilika sana tangu wakati huo. Ndani yake mna vyumba sita. Kila chumba hutoa umeme wa volti 2 na kidogo, na vyote sita vikiunganishwa hupatikana volti 12 na nusu hivi. Malori makubwa huwa na betri mbili za namna hiyo, yakapata volti 24. Katika kila chumba mmepangwa mabamba ya madini ya risasi, yamesimama kama kurasa za kitabu, nayo yamezama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Betri ikiwa imejaa nguvu, zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa maji yale huwa ni asidi tupu. Hiyo ndiyo itoboayo nguo, na ndiyo iliyolichoma jicho.

Betri itoapo nguvu, asidi huingia katika mabamba. Irudishiwapo nguvu, yaani itiwapo moto, au kama mafundi wasemavyo, ikichajiwa, asidi hutoka katika mabamba na kurudi majini. Lakini betri ikikaribia kujaa, nayo ikaendelea kutiwa moto, au ikitiwa moto mwingi kwa ghafula, nguvu ile huanza kuyatenganisha maji yenyewe. Maji yamefanyizwa kwa gesi mbili, hidrojeni na oksijeni. Gesi hizo hupanda juu kwa mapovu, ndipo mafundi waseme kwamba betri inachemka. Hidrojeni haina rangi wala harufu, hivyo mtu aweza kusimama mbele yake asijue.

Wala si kidogo. Ampea 1 ikipita kwa muda wa saa 1 katika betri iliyokwisha kujaa, vyumba vyote sita hutoa hidrojeni lita 2 na nusu hivi. Nasi twajua kwamba gari au mashine ya kuchaji hutia ampea nyingi, si moja. Hidrojeni ikichanganyika na hewa ya kawaida hata ikawa sehemu 4 tu katika 100, huweza kushika moto. Na huendelea kuwa hivyo mpaka ifike sehemu 75 katika 100. Tena haihitaji moto mkubwa. Cheche ndogo, kama ile irukayo mtu avuapo sweta wakati wa kiangazi, yatosha kabisa.

Basi mwaona, ndugu zangu, kwamba kilicholipuka siku ile si asidi, wala si umeme. Ni gesi iliyokusanyika juu ya maji ndani ya betri, ikakutana na cheche. Asidi ilirushwa tu, kama jiwe lirushwavyo na baruti. Mambo mawili yahitajiwa: gesi na cheche. Penye moja bila la pili, hapana mlipuko. Mafundisho yote nitakayowapa leo yametoka katika neno hilo moja.

Liko jambo la tatu linaloongeza hatari, nalo ni kupungua kwa maji ya betri. Kila gesi itokapo, maji hupungua, na katika nchi za joto hupungua upesi zaidi. Maji yakishuka, nafasi tupu huongezeka juu yake, na gesi hupata chumba kikubwa cha kukaa. Tena mabamba hubaki wazi, na viungo vya ndani vikilegea au kukatika, cheche yaweza kuruka humo humo ndani wakati dereva anapowasha gari, pasipo mtu kugusa kitu. Ndiyo maana betri nyingine hupasuka ghafula chini ya boneti, na watu wakasema ni miujiza. Si miujiza, ni kiu.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, hapana budi niseme jambo ambalo halimo katika hesabu. Katika daftari la maombi ya vifaa dereva wetu aliomba maji ya betri mara mbili kabla ya safari ile, na mara ya pili aliongeza miwani ya kukinga macho. Mimi ndiye niliyeandika pembeni, "Ingoje mkutano." Niliona kwamba ni matumizi yasiyokuwa na idhini, na nilitaka hesabu zangu ziwe safi. Hesabu zikawa safi. Fundi aliyeipasua ile betri baadaye alituonyesha kwamba maji yalikuwa yameshuka chini ya mabamba katika vyumba vitatu. Kwa hiyo wale waliomlaumu dereva nawaomba waifute lawama ile, na kama wataka kumwandikia mtu, waniandikie mimi. Nimekwisha kumwambia kijana na wazazi wake maneno haya kabla ya kuyasema mbele yenu.

Sasa nije kwenye kinga. Nitazitaja kwa utaratibu, na kila moja nitaipa sababu yake, kwa kuwa amri isiyokuwa na sababu husahaulika upesi.

Ya kwanza ni kuzuia moto. Mtu asivute sigara, wala asiwashe kiberiti karibu na betri, hata kama ni usiku na ataka kuona kiasi cha maji. Mwanga upo katika tochi, na siku hizi hata katika simu zetu. Wala asidhani kwamba betri zile ziitwazo za kufungwa, ambazo hazitiwi maji, hazina hatari. Hizo nazo zina tundu la kupumulia, na zikichajiwa kupita kiasi hutoa gesi. Matundu hayo yasizibwe kwa matope wala kwa grisi.

Ya pili ni kuzuia cheche za vyuma. Kabla ya kushika spana, vua saa ya chuma na pete. Pete ikigusa vichwa viwili vya betri, au kichwa kimoja na mwili wa gari, hupata moto mara moja na kuunguza kidole. Kisha ukitaka kuitoa betri, anza na kile kichwa kilichofungwa kwenye mwili wa gari, ambacho katika magari ya siku hizi ni kile chenye alama ya kutoa (−). Sababu ni hii: ukianza na kile chenye alama ya kujumlisha (+), na spana ikakuteleza ikagusa bodi, umeme wote hupita katika spana kwa cheche kubwa. Lakini ukikwisha kukiondoa kile cha mwilini, spana ikigusa bodi haina neno. Ukirudisha betri, kichwa hicho kiwe cha mwisho. Wazee walioendesha magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 watakumbuka kwamba mengi yalikuwa kinyume: kichwa cha kujumlisha ndicho kilichofungwa mwilini. Kwa hiyo mwenye gari la zamani atazame kwanza, asifuate mazoea. Na vibano vya betri vikazwe sawasawa, kwa kuwa kilicholegea hutoa cheche kila gari litikisikapo.

Ya tatu ni namna ya kuliamsha gari kwa betri ya gari jingine, maana hapo ndipo tulipoumia. Kwanza hakikisheni kwamba magari yote mawili ni ya volti sawa. Msifunge gari dogo na lori la volti 24. Magari yasigusane. Waya mwekundu ufungwe kwenye (+) ya betri iliyokufa, kisha kwenye (+) ya betri nzima. Waya mweusi ufungwe kwenye (−) ya betri nzima. Ncha yake ya mwisho isifungwe kwenye betri iliyokufa. Ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lile, mbali na betri. Kiungo cha mwisho ndicho kitoacho cheche, nasi twataka cheche hiyo iruke mahali pasipo na gesi. Gari likiisha kuwaka, nyaya zitolewe kwa kurudi nyuma, kuanzia na ile ncha ya chuma cha injini. Mwaona basi kwamba kijana wetu hakukosea zamu ya kutoa. Alianza na kibano kile kile kipasacho kutolewa kwanza. Kosa lilikuwa mahali kilipofungwa, na kosa hilo tulilifanya sisi sote tuliosimama pale tukitazama.

Ya nne ni kuchaji nyumbani au dukani. Wanachama wetu wengi wana betri za kuwashia taa na televisheni, tena wengine huziweka chumbani wanamolala watoto. Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi, nayo hupanda na kukusanyika chini ya dari. Kwa hiyo betri ichajiwe mahali penye madirisha wazi, au nje kwenye kivuli, mbali na jiko na taa ya mafuta. Vibano vifungwe kwanza, ndipo swichi iwashwe. Na wakati wa kutoa, swichi izimwe kwanza, ndipo vibano viondolewe. Betri ikipata joto jingi mkononi, au ikavimba, au ikachemka kwa nguvu, zimeni mashine na kuiacha ipoe.

Ya tano ni maji. Betri zenye vifuniko vya kufungua zitazamwe mara kwa mara, na mabamba yasiachwe wazi. Ongeza maji safi yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa jina la maji ya betri. Usitie maji ya bomba wala ya kisima, kwa kuwa yana chumvichumvi ziharibuzo mabamba. Usiongeze asidi, kwa sababu kilichopotea kwa kuchemka ni maji, wala si asidi. Wanaochanganya asidi dukani wakumbuke kwamba asidi ndiyo itiwayo katika maji polepole. Maji yakitiwa katika asidi kali, huchemka ghafula na kumrukia mtu. Na nawasihi sana, asidi isiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Ajua chupa tu.

Ya sita ni mavazi. Kila anayeinama juu ya betri avae miwani ya kukinga macho, na glavu za mpira akizipata. Uso usiwe juu ya betri wakati wa kufunga au kutoa vibano.

Naam, pamoja na hayo yote, mtu akirukiwa na asidi, tumfanyie nini? Hapa nataka kumtaja mwanamke mmoja, ingawa kwa heshima yake sitamtaja jina. Siku ile, wakati wanaume walipokuwa wakipiga kelele, mmoja akitafuta maziwa na mwingine mafuta ya kupaka, mama huyu aliuchukua mtungi wa maji ya kupikia. Akamlaza kijana, akamfungua macho kwa vidole, akaendelea kummiminia maji hata mtungi ukaisha, akaitisha wa pili. Daktari alituambia kwamba kama si maji yale, kijana angepoteza macho yote mawili.

Basi kanuni ni hii. Jicho likiingiwa na asidi, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kope zikifunguliwa, kwa muda usiopungua dakika 15, na ikiwezekana 20. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia, hata kama asema amepata nafuu. Jicho lisisuguliwe. Lisitiwe maziwa, wala mafuta, wala magadi. Magadi yaliyoyeyushwa katika maji yafaa kwa asidi iliyomwagika sakafuni au juu ya betri, lakini si kwa jicho. Nguo zilizolowa asidi zivuliwe, na ngozi ioshwe kwa maji mengi vivyo hivyo. Aliyeinywa asidi asilazimishwe kutapika, maana itamchoma mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa na kukimbizwa hospitali.

Neno moja juu ya betri zilizokufa. Zisivunjwe nyumbani, wala risasi yake isiyeyushwe jikoni ili kupata vyuma vya nyavu, kwa kuwa moshi na vumbi la risasi ni sumu, na watoto ndio waumiao zaidi. Tumeyaona yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu mpaka kilipofungwa mwaka wa 2014. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji mwenye kibali, naye hulipa kitu kidogo.

Bwana Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Yako maombi matatu ambayo Halmashauri inayaleta mbele yenu. La kwanza, gari la chama lisiondoke bila sanduku lenye chupa ya maji ya betri, miwani ya kukinga macho, glavu, tochi, na mtungi wa maji safi wa lita 20 usioguswa kwa kazi nyingine. La pili, dereva na vijana wawili wafundishwe na fundi namna ya kufunga nyaya, na maelezo yabandikwe ndani ya boneti. La tatu ni langu mwenyewe: kwamba karani apewe idhini ya kununua vitu vya usalama vya bei ndogo pasipo kungoja mkutano, akitoa hesabu yake baadaye. Naliomba hili kwa aibu, maana lingeombwa mapema lingetugharimu shilingi chache tu.

Wazee wetu walisema, tahadhari kabla ya hatari. Wao hawakuwa na betri, lakini walijua kwamba mkuki hauachwi mlangoni, na kwamba moto huzimwa kabla ya kulala. Nasi tumepewa chombo kipya. Yatupasa tukipe adabu yake. Kijana wetu yumo humu leo, ameketi safu ya tatu. Yeye mwenyewe ameomba awe mmoja wa wale wawili watakaofundishwa, ili awafundishe wengine. Nawaomba mmkubalie.